Koti Lililobaki Msumarini

Mwezi uliopita tulimzika Mama Jairo pale Mpemba, siku iliyoanza na jua kali, mchana ikaleta manyunyu, na jioni ikatupiga upepo wa kukata masikio. Hali ya hewa ya kwetu haina adabu, na wageni hawaijui. Vijana waliotoka Dodoma na Dar kuja kuzika walikuwa wamegawanyika: wengine mashati mepesi, wengine makoti mazito ya suti. Wa mashati walitetemeka. Wa makoti walilowa jasho walipokuwa wanabeba jeneza, na jua lilipofichama wakatetemeka kuliko wenzao. Mimi nilikuwa na nguo zangu tatu, moja juu ya nyingine, nafungua hii, nafunga ile, kadiri mbingu zinavyogeuka. Sikusikia baridi. Nililia tu, na nililia sana, maana yule mama hakunizaa lakini ndiye aliyenifundisha kuvaa, na kwa njia niliyokuwa naipita ujanani, bila kujua kuvaa nisingefika umri huu wa kuitwa bibi.

Tuliporudi nyumbani mjukuu wangu Hepi akakaa nami sebuleni karibu na jiko la mkaa akanitazama nikivua. "Bibi, mbona umevaa duka zima?" Akacheka. Wiki ile alikuwa anajiandaa kwenda kupanda mlima na wenzake wa chuo, naye alikuwa amenunua jaketi moja nene, limevimba kama godoro, akaja kunionyesha kwa mbwembwe. "Hili peke yake linatosha. Muuzaji kasema hata barafu haipenyi." Nikamuuliza kama huyo muuzaji atapanda naye. "Na chini yake unavaa nini?" "Fulana." "Ya pamba?" "Ya pamba, ndiyo. Kwani vipi?" Nikasonya mpaka mama yake akachungulia kutoka jikoni. Nilimwambia Hepi akae chini, avue hilo godoro lake, anisikilize. Nilikusudia kumweleza habari za fulana na sweta tu. Lakini kifo kilikuwa bado kibichi, na nilipoanza nikajikuta nimefika kule ambako huwa sifiki, kwenye ule mwaka niliokaa ukingoni mwa bonde. Habari za baba yangu na mama yangu nitaziacha. Waliotaka kuzijua walishazijua, na hazimo katika jambo hili.

Nilikuwa binti wa kama miaka kumi na minane, nachambua mitumba sokoni Tunduma kwa mtu aliyeitwa Bakari, mfanyabiashara kutoka Kondoa, mnene, mcheshi, wa swala tano, aliyeweza kumtania mteja mpaka mteja akasahau alichokuja kulalamikia. Wazambia walikuwa wanavuka asubuhi kuja kununua, wao mitumba wanaiita salaula, na Bakari alishajifunza Kibemba cha kutosha kuwapokea, "Mwaiseni, mwaiseni mayo," kisha akawarushia sweta begani kabla hawajaomba. Mimi kazi yangu ilikuwa kutenganisha. Ukifungua robota la makoti unakutana na harufu moja, ile harufu ya ghala na dawa ya nondo, na mifukoni unakuta vitu vya watu usiowajua: tiketi, kitufe, leso iliyokauka. Sikuwahi kuogopa. Nguo ilikuwa nguo. Ila Bakari, kabla ya kugusa robota jipya, alikuwa anasema bismillahi kwa sauti, na nilipomcheka aliniambia, "Cheka tu, Atu. Hizi zimevaliwa na watu, na sisi hatujui wameishia wapi."

Bakari alikuwa pia na wabebaji wake, wanaume kwa wanawake, waliokuwa wanapeleka chumvi, sabuni, betri na nguo kwa wafugaji wa bonde la Momba, wakirudi na samaki wakavu na mchele. Lori liliwafikisha mwisho wa barabara. Kutoka hapo ni mguu, bodaboda zilikuwa bado hazijaanza kushuka kule. Na pale ardhi ya juu inapoishia, kabla njia haijaanza kuteremka, palikuwa na nyumba ya Mama Jairo. Kila mbebaji alipita kwake, kwa sababu moja. Huku juu ni baridi na ukungu, kule chini ni joto la kuchemsha ubongo. Huwezi kushuka na koti, utaanguka njiani. Huwezi kupanda bila koti, maana unafika juu umelowa jasho, upepo wa ukingoni unakupokea hapo hapo, na watu wameshakufa kwa kupokewa hivyo. Basi wakishuka walivua kwake makoti na masweta wakaning'iniza, wakipanda wakavaa. Yule mama hakuwa na biashara nyingine zaidi ya hiyo na chai. Kisha mwanawe wa pekee, Jairo, naye mbebaji, akashuka wakati wa masika na wenzake, wakatawanyika huko chini kila mmoja na soko lake, na siku ya kupanda hakuonekana. Wengine walisema mto umemchukua. Wengine walisema kaoa kwa wafugaji. Bakari akaniita akaniambia, "Nenda ukakae naye mpaka mwaka uishe. Yule mama akiiacha ile nyumba, watu wangu wataisha." Nikafunga kifurushi changu nikaenda, sina hili wala lile.

Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili na jiko la nje. Chumba cha mbele ndicho cha makoti. Ukuta mzima, kutoka mlangoni hadi kona, ulikuwa na misumari mirefu, na kwenye kila msumari koti, na juu ya koti kofia au skafu ya mwenyewe. Niliingia mara ya kwanza jioni, mvua inanyunya nje, ndani kuna moshi wa kuni na harufu ya sufu iliyolowa, nikasimama mlangoni nikasema, "Hodi, shikamooni!" Nilidhani ni watu wamesimama wamenipa mgongo. Mama Jairo alitoka chumba cha ndani, mwembamba, mrefu, kitambaa cheusi kichwani, wala hakucheka. Akaniambia, "Marahaba kwa niaba yao." Ndivyo alivyokuwa; hujui kama ametania. Kisha akanipa sheria ya nyumba kabla hajanipa chai. Koti la mtu halitunguliwi na mtu mwingine. Si kufua, si kukung'uta, si kulikopesha hata kama mvua inaua. Linatunguliwa na mkono ulioliweka. Likiwa juu ya msumari, mwenyewe bado yuko njiani. Siku ukilishusha wewe, umemzika. Wabebaji wote waliishika sheria hiyo kuliko amri za kanisani, na ndugu wa watu waliopotelea bondeni walikuwa wanakuja, wanalitazama koti, wanalia, wanaondoka wameliacha.

Koti la Jairo lilikuwa msumari wa kwanza karibu na mlango. La kijivu, zito, sufu tupu, vifungo vinne vyeusi na kimoja chekundu ambacho mama yake alikishona kile cheusi kilipopotea. Nami, mwenye jicho la sokoni, niliona mara moja kwamba lilikuwa koti bora kuliko yote ukutani, na kwamba aliyelichagua alijua kuchagua.

Alichagua mama yake, bila shaka, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na elimu hiyo. Alinifundisha jikoni, tukila viazi vya kuchemsha na maharage, au uji wa ulezi wa moto mpaka ulimi unakufa ganzi. Alisema nguo za njia ni tatu: ya ngozi, ya joto, ya upepo. "Ya ngozi isiwe pamba," akasema. "Pamba inakunywa jasho kisha inakaa nalo. Itakukumbatia kama maiti." Akanionyesha jezi za mpira wa miguu, za kitambaa chepesi, zile tulizokuwa tunazitupa kwenye rundo la watoto, akazilowesha, akazikung'uta, zikakauka kabla uji haujapoa. Ya joto iwe sufu, maana sufu hata ikilowa haikusaliti. Ya upepo iwe nyembamba, haihitaji unene, ila isipitishe pumzi. Akaliweka koti la mvua mdomoni akapuliza. "Puliza na wewe. Unaisikia pumzi upande wa pili? Basi na upepo utapita." Zipu ifunguke mpaka chini, ili ujipoze bila kuvua. Ya nje iwe kubwa, ikae juu ya sweta bila kulibana. Na sweta unalivua kabla hujatoka jasho. "Wajinga wanangoja walowe ndipo wavue. Wakifika ukingoni wamebeba maji yao wenyewe." Nikamuuliza, "Mama, na mtu akizidiwa kabisa na baridi, anafanyaje?" Akakoroga uji. "Anasikia joto," akasema. "Akianza kusikia joto, mkimbilie." Sikumwelewa. Nilidhani ni utani wake ule ule.

Ukungu wa kwanza ulipokuja, ule unaopanda kutoka bondeni asubuhi ukaingia mpaka ndani, niliamka kufagia chumba cha mbele nikaona pindo la koti la Jairo limelowa. Makoti mengine makavu; lile limelowa mpaka magotini, na mabega yana matone madogo madogo kama mtu aliyetoka kutembea kwenye majani. Nikainama. Kwenye pindo kulikuwa na mbegu za kishona nguo, zile nyeusi za kuchomachoma, mbichi, nyingi, na yule kishona nguo haoti karibu na nyumba, anaota kule njia inapoteremka. Nikarudi nyuma hatua mbili. Kisha akili ikanirudia, nikajijibu mwenyewe: ni mama yake. Anaamka alfajiri analivaa, anakwenda ukingoni kumwita mwanawe, anarudi analining'iniza. Yeye mwenyewe anaivunja sheria yake, na ni siri yake ya uchungu. Nikamhurumia mpaka machozi yakanilenga. Nikazichambua zile mbegu bila kulishusha koti, nikazitupa motoni, nikanyamaza.

Ikawa hivyo kila asubuhi ya ukungu. Nisipouona ukungu dirishani, koti kavu. Nikiuona, limelowa. Nami nazitoa mbegu, nanyamaza, na Mama Jairo anatoka chumbani ananitazama mimi, kisha pindo, kisha mimi tena, naye ananyamaza. Siku moja tu aliniambia, sauti yake ya chini sana, "Mtoto wa watu, asubuhi kuna baridi. Usitoke bila viatu." Nikasema, "Sawa, Mama," nikadhani ananionya juu ya kwenda kuchota maji.

Wabebaji walilala kwetu wakipanda, chumba cha mbele, chini ya makoti yao, nami nalala nyuma ya ukuta wa matete na kila neno linanifikia. Jioni moja, baada ya ugali na samaki, nilimsikia mwanamke mmoja akisema, "Leo asubuhi tumempita Jairo." Mwenzake akamwambia aache mchezo. "Nakuapia. Tulipolala kwenye pango, nimetoka kwenda haja, ukungu mzito, huyo anapita juu yangu. Nikamwita. Hakuitika." "Ulimwona uso?" "Koti. Lile la kijivu, na kile kitufe." Kisha nikasikia sauti ya Bakari, ambaye safari hiyo alikuwa amepanda nao: "Astaghfirullah. Laleni. Koti hilo hapo juu yenu, lina miguu?" Wakacheka kidogo, kicheko cha watu wasiotaka kucheka. Asubuhi Bakari akaniuliza pembeni kama yule mama analala vizuri. Nikamwambia ninachokijua, yaani ninachodhani, kwamba ni mama anayetembea na lile koti. Akashusha pumzi. "Alhamdulillahi," akasema, "kama ni mama, basi si kitu." Lakini niligundua kwamba alipovaa koti lake alijibanza upande wa pili wa chumba, mbali na msumari wa kwanza.

Mpaka leo najiuliza kwa nini sikuwahi kuamka mapema nikalinda. Hepi naye aliniuliza. Ningeamka mara moja tu, ningejua. Nadhani nilikuwa naogopa kumkuta mzee wa watu katika aibu yake, na nadhani, kwa upande mwingine, nilikuwa naogopa kumkuta amelala.

Ilikuwa mwezi wa saba, mwezi wa baridi yetu mbaya. Siku hiyo Bakari na watu wake walitarajiwa kupanda, na tangu asubuhi jua lilikuwa zuri, tumeanika vyombo nje. Baada ya chakula cha mchana ukungu ukaja ghafla, si wa asubuhi ule mwepesi, huu ulikuwa mzito na upepo nyuma yake, na manyunyu ndani yake. Mama Jairo alisimama mlangoni, kichwa upande. "Umesikia?" "Nini, Mama?" "Ananiita." Nikamwambia ni upepo, nikamwambia ni Bakari na wenzake. Akanijibu kwa upole tu, "Mtu hamjui mwanawe sauti?" Akavaa zake tatu, sawasawa kama alivyonifundisha, na kitenge begani, akashuka. Nikabaki nachochea moto kwa ajili ya wabebaji. Nilingoja maji yachemke. Yakachemka. Nikaita kutoka mlangoni, sauti yangu ikanirudia usoni kama imegonga ukuta. Wabebaji hawajafika, mama hajarudi, na ukungu unazidi kuwa mweusi.

Nikajua lazima nishuke, na lazima nishuke na kitu cha kumfunika, kwa sababu mwenyewe alishanifundisha kwamba usiende kumtafuta mtu kwenye baridi mikono mitupu. Mablanketi yetu mawili yalikuwa kwenye kamba, yamelowa chapachapa. Nikageukia ukutani. Makoti ya wabebaji yote yamo, wao wenyewe wako huko huko ukunguni, wakifika wayakose? Kati ya yale yasiyongojewa na mtu wa leo, la sufu nzito lilikuwa moja tu, la Jairo. Nikasimama mbele yake. Nikilishusha, nimemzika mwanawe. Nisipolishusha, nitamzika yeye. Nikasema, "Jairo, kaka yangu, nisamehe, ni kwa ajili ya mama," nikanyoosha mikono nikalitungua. Lilikuwa zito kuliko nilivyofikiri. Na ndani, kwapani na mgongoni, lilikuwa na joto. Si joto la chumba, chumba kilikuwa cha baridi. Joto la nguo iliyovuliwa sasa hivi. Nililikumbatia hivyo hivyo nikatoka mbio.

Kitenge chake nilikikuta karibu, kwenye jiwe, kimetandazwa vizuri. Nikapata moyo, nikadhani ameniwekea alama. Mbele kidogo koti la mvua, limekunjwa. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Nikaenda naita, napapasa njia kwa miguu, nikalikanyaga sweta, la sufu, lililogeuzwa ndani nje kama mtu aliyelivua kwa haraka. Zote tatu zinafuatana kuteremka, kama kuna mtu anaingia kwake jioni anavua mojamoja. Na mwisho wa hizo nguo nikamkuta, ameketi kwenye majani ya kishona nguo, fulana nyepesi na gagulo tu, midomo rangi ya majivu, anajipepea kwa mkono. Alinitabasamia! Tangu nifike kwake hakuwahi kunitabasamia hivyo. "Atu, vua na wewe," akasema. "Tumefika chini. Huoni jua lilivyo kali?"

Nikakumbuka uji, nikakumbuka jibu lake, nikamrukia. Alikuwa wa baridi kama chungu cha maji. Nikamvua ile fulana iliyolowa, nikavua ya kwangu kavu ya ndani nikamvalisha yeye, ya ngozi. Nikalikamua sweta lake nililoliokota njiani nikamvisha, ya joto. Vidole vyake havikunji, mikono haingii, nalia na kumtukana huku namvalisha. "Vaa, Mama! Vaa, wewe! Wewe si ndiye unayejua?" Naye ananisukuma, anasema anaungua. Ndipo nikamzungushia koti. Akaacha kunisukuma. Mkono wake ukapanda taratibu kifuani, kitufe, kitufe, ukafika kile chekundu, ukasimama. Akanitazama, na macho yake yalikuwa yamerudi.

"Umelitungua."

"Nimelitungua, Mama."

"Kwa mkono wako."

"Kwa mkono wangu. Ungekufa."

Akafungua kinywa. Nilidhani atanilaani. Akapiga yowe la msiba, lile la mama zetu, linaloanzia tumboni na kupanda mpaka halina pa kwenda, jina la mwanawe na jina la ukoo wake, kilio alichokuwa amekizuia tangu masika. Nami nikalia naye, nimemkumbatia ndani ya lile koti. Tulilia hivyo mpaka nikasikia mtu anajibu. Bakari na watu wake walikuwa wamepotea njia, wamezunguka kwenye mawe hawajui juu ni wapi, na kile kilio ndicho walichokifuata. Bakari alitokea kwenye ukungu na mzigo wake kichwani, akatuona, akautupa mzigo wote chini, samaki na mchele, akambeba Mama Jairo mgongoni kama mtoto. Hakuuliza koti limefikaje. Aliliona tu, akasema, "Inna lillahi," akapanda.

Tuliweka matanga siku hizo hizo, bila kaburi. Watu walikuja kutoka Itaka na Chapwa, wakakaa chini kwenye chumba cha mbele, tukapika ugali, tukaimba. Mama Jairo alipona vidole vyake vyote isipokuwa kimoja kilichobaki hakina hisia. Alinishukuru mbele za watu, akaniita mwanangu. Nami nilikuwa nimefurahi, sitaki kudanganya, nilikuwa mtoto aliyeokoa mtu na kila mtu anajua.

Watu walipoondoka tukabaki wawili jikoni. Koti lilikuwa magotini mwake, amelikunja, anapitisha mkono. Nikaona ndio wakati wa kumtua mzigo, siri yake isimlemee tena. "Mama," nikasema, "nilikuwa najua tangu zamani. Kwamba ulikuwa unalivaa alfajiri unakwenda ukingoni. Sikumwambia mtu ila Bakari."

Mkono wake ukaacha kutembea. "Mimi?"

"Pindo lilikuwa linalowa. Nilikuwa nazitoa zile mbegu."

"Atu," akasema, "mimi sikuligusa koti la mwanangu tangu alipoliweka, mpaka uliponivisha wewe. Nilidhani ni wewe."

Tulitazamana. Moto ulikuwa unawaka kati yetu na hakuna aliyeona joto lake. Kisha akasimama, akanipa koti, akasema, "Basi lirudishe. Lirudishe sasa hivi, pale pale." Nikalichukua mbio mbio, nikalining'iniza msumari wa kwanza karibu na mlango, nikanyoosha mabega yake kama lilivyokuwa. Usiku huo hatukufunga mlango kwa komeo.

Alfajiri ukungu ulikuwa umeingia mpaka chumba cha mbele. Tulikwenda wote wawili, yeye na taa, mimi nimemshika kiwiko. Nikainama nikapapasa pindo. Kavu. Nikapapasa mabega. Makavu, ya baridi, yana vumbi. Hakukuwa na mbegu hata moja. Nikamwambia labda ukungu wenyewe haukuwa mzito, labda kesho. Tukalitazama kesho yake, na kesho kutwa, na kila asubuhi ya ukungu mpaka mwaka wangu ulipokwisha, na halikulowa tena. Lakini yeye hakuhitaji kungoja mpaka mwaka uishe. Ile asubuhi ya kwanza alilishika pindo kwa mkono wenye kidole kilichokufa, akalisugua, akaliachia.

"Alitusikia tukilia," akasema. "Alikuwa hajui kama amekufa. Sasa amejua."

Akazima taa, maana kulikuwa kunapambazuka, akaenda kuwasha moto, kwa kuwa siku hiyo kulikuwa na watu wanaopanda.